Kazi ya Mikono na Moyo wa Mtu

Walimu wa dini watuuliza: je, yafaa mwenye huzuni kupewa kazi ya kusuka au kufinyanga, apate kuujua moyo wake? Wengine huiita michezo. Lakini Bezaleli alijazwa Roho kwa kazi ya mikono (Kutoka 31).

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda. Mama mmoja wa usharika wetu alikuwamo, akaolewa huku. Miaka mingi hakuyasema. Siku moja alisuka kikapu chenye ukanda mweusi, uliokatika katikati. Sisi kwa haraka yetu tukamwambia, "Mama, huu ndio mto Kagera." Akanyamaza, akaufumua wote. Tulimkosea, maana tulimnyang'anya neno lililokuwa njiani.

Baada ya miezi alisuka tena ukanda ule ule. Safari hii tuliketi kimya. Akasema mwenyewe, "Hapa ndipo nilipouachia mkono wa mdogo wangu." Ndipo akaomba tusali.

Kikapu hakiondoi dhambi, wala hatusemi hivyo. Kile chake kingali jikoni, hutilia maharagwe.