Tujifunze kupima hoja kabla ya kuhukumu

Mpwa wangu anajiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za kupima hoja, kila moja dakika 35.

Nilikaa naye akifanya mazoezi. Maswali mengi hayaulizi kama jambo lenyewe ni kweli. Yanauliza: je, hitimisho linatokana na maelezo yaliyotolewa? Nikamjaribu kwa hoja yangu: "Tangu fulani akabidhiwe funguo za sanduku la msikiti, michango imepungua. Basi anaiba."

Akacheka. "Mjomba, hoja hiyo haisimami. Pengine watu wamepunguza kutoa."

Mimi sikucheka. Maneno yale nilikwishayasema barazani, kumhusu mtu mwenye jina, mke na watoto.

Ndugu Waislamu, elimu hii si ngeni kwetu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alianza kitabu chake cha usuli fiqhi, Al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kufuata dhana na kusengenyana. Kijana anafanya mazoezi apate chuo. Sisi tunayahitaji ili tusimdhulumu mtu.

Nimekwenda kumwomba radhi ndugu yule, naye amenisamehe. Lakini wale walionisikia barazani, wakaenda kuwasimulia wengine, nitawapata wapi wote?

Wabillahi tawfiq.