Bomba Lililotekenya

Nyumba yetu iko Mapinga, mbele kidogo ya Bunju ukielekea Bagamoyo. Kama majirani wengi wa huku, tulihamia nyumba ikiwa haijaisha. Umeme tulikuwa nao, maji tukachimba kisima wenyewe, na mengine tukawa tunayamalizia pole pole kadiri fedha ilivyopatikana. Nayaandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi ziko katika hali hiyohiyo, na yaliyotukuta sisi yanaweza kumkuta yeyote.

Mpwa wangu alikuwa akiishi nasi. Ana mkono wa ufundi. Redio zilizokufa alizifufua, na taa za uani alizifunga kwa betri ya pikipiki na paneli ndogo ya sola. Nilimpenda kwa hilo na bado nampenda. Kosa lilikuwa letu wawili, na langu kubwa zaidi, maana mwenye nyumba ni mimi.

Tulinunua Kariakoo pampu ya kuzamisha kisimani. Kebo yake ilikuwa fupi, akaiunga na nyingine, akazungushia tepu nyeusi ya kawaida, na kiungo hicho kikazama majini pamoja na pampu. Kisha akatafuta namna ya kuifanya pampu ijizime simtanki likijaa. Floti, yaani swichi inayoelea ndani ya tanki, ilihitaji waya wake, na kebo ilikuwa na nyaya tatu tu: laivu, niutro na ule wa kijani na njano, yaani athi.

"Mjomba, huu wa kijani haufanyi kazi yoyote," akaniambia.

Mimi nilikuwa nimemshikia tochi. Nilimwona akiukata kutoka kwenye athi na kuufanya njia ya niutro kupitia floti. Sikuuliza neno.

Kweli, siku za amani athi haibebi kitu. Inangoja siku umeme utakapogusa bati la pampu, ili iupeleke ardhini kabla haujapita kwa mtu. Na kwa kuwa floti ilikata niutro badala ya laivu, pampu ikizimwa ilinyamaza tu. Umeme ulibaki umefika kisimani usiku na mchana. Pampu yenyewe ilining'inia kwa waya wa chuma uliofungwa kwenye stendi ya simtanki, na bomba la kuchotea lilibanwa kwenye stendi hiyohiyo. Ukiifuata njia hiyo kwa kidole, kutoka kwenye tepu nyeusi hadi kwenye bomba, hutaona mahali popote umeme ulipozuiwa.

Hata hivyo tulionywa, tena si mara moja.

Kwenye boksi la meini swichi tulikuwa na breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile yenye kitufe kidogo cha herufi T. Ikaanza kukata. Mwanzo mara moja kwa siku, baadaye kila tukiipandisha inashuka. Breka hii hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Zikipotea miliampea 30 hivi njiani, inakata. Zile za kawaida za ampea 16 au 20 haziuoni upungufu mdogo namna hiyo. Zimewekwa ili waya usiungue, na mtu anaweza kufa zikiwa zimetulia. Mpwa wangu akasema hii imechakaa, akaunganisha nyaya moja kwa moja bila kuipitia. Nilikubali, kwa sababu ndoo zilikuwa tupu.

Halafu LUKU. Uniti za mwezi zikawa hazifiki mwisho wa mwezi, tukailaumu friji. Leo najua kwamba nusu ampea tu ikivuja mchana kutwa na usiku kucha inakula karibu uniti 3 kwa siku. Tulikuwa tunanunua umeme wa kumwaga kisimani.

Mbwa wa jirani, aliyezoea kulamba maji yanayodondoka chini ya bomba, alilia siku moja akakimbia. Hakurudi tena pale. Mpwa wangu akagusa stendi kwa tesa, taa ikawaka. Akasema ni umeme kidogo wa kurudi, hauna madhara.

Na mke wangu akaniambia, "Baba Neema, lile bomba linatekenya."

Nikamwambia avae ndala.

Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ndala ziliufunika mtekenyo tu, hatari ikabaki palepale. Ule ulikuwa wakati wa kiangazi, mchanga mkavu, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Masika ilipofika, uwanja ukalowa. Asubuhi moja ya Aprili alitoka pekupeku kukinga maji, akashika bomba, na mkono ukakataa kufunguka. Umeme hukaza misuli ya kiganja. Mtu hushika zaidi badala ya kuachia. Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele, ilikuwa ya kukoroma.

Bibi wa nyumba ya pili alikuja mbio kumvuta. Binti yetu wa miaka 11 akapiga kelele, "Bibi, usimshike!" akakimbilia ndani na kushusha meini swichi. Alifundishwa shuleni kwamba umeme ukimnasa mtu, kwanza unakata umeme. Mimi mtu mzima nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeganda.

Mke wangu alipona. Kiganja kiliungua, na hospitali walimlaza usiku mmoja kuangalia mapigo ya moyo.

Ndugu zangu, breka inayokata usiitukane wala usiiruke. Tafuta kinachoikatisha. Kitu cha chuma kikitekenya, hata kidogo, shusha meini swichi saa hiyohiyo na uite fundi. Usingoje kesho wala mwisho wa mwezi. Anayefunga umeme wa nyumba anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Mwombe uione, si dharau. Na kijana wako akipenda ufundi, usimvunje moyo. Mwache achezee volti 12 apendavyo, na siku akitaka kugusa za ukutani, mtafutie mtu wa kumfundisha. Wetu sasa anasomea umeme VETA.

Fundi mwenye leseni alipovuta ile kebo kutoka kisimani, tepu ilimbakia mkononi kama ganda la ndizi. Shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani. Aliturudishia athi, akarudisha na breka.

Tangu hapo, kila tarehe 1 ya mwezi binti yetu hupanda kigoda akabonyeza kile kitufe cha T. Feni inasimama, redio inakatika, nyumba inakuwa kimya. Anatugeukia kutuangalia, kisha anaipandisha.