Shahidi Aliye Mbali

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Daystar anayeishi hosteli pale Lukenya, lakini alijiandikisha kupiga kura kwao Lodwar, ana njia moja tu ya kumchagua rais: afike Lodwar siku hiyo, yeye na kidole chake. Kenya haina kura ya posta, wala hairuhusu mtu kumtuma mwenzake ampigie. Aliyejiandikisha akiwa chuoni naye hajapona, maana chaguzi za Agosti 2017 na Agosti 2022 zilifanyika wakati wanafunzi wengi wako likizoni makwao. Wapo wanaosema dawa ni kufanya kama Marekani, ambako mwanafunzi aweza kutumiwa karatasi ya kura kwa barua, akaijazia chumbani na kuirudisha kwa barua. Kabla ya kukubali au kukataa, tujiulize kwanza: kura ni kitu gani hasa, hata imlazimu mtu kuwa mahali fulani kwa mwili wake?

Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliandika kwamba kura ni ushahidi: anayeipiga anashuhudia kuwa fulani anafaa kubebeshwa amana ya watu. Naona maelezo haya yanashinda yale ya wanasiasa wetu, ambao huizungumzia kura kana kwamba ni mali ya jamii fulani iliyowekwa ghalani ikingoja mnunuzi. Basi ikiwa kura ni ushahidi, dini zina la kusema kuhusu shahidi asiyeweza kufika. Katika fiqhi ya Kiislamu uko mlango mzima wa barua ya kadhi kwa kadhi: shahidi anatoa ushahidi wake mbele ya kadhi wa mji alioko, kadhi huyo anauandika na kuupeleka kwa mwenzake wa mji wenye kesi. Wanazuoni wa madhehebu ya Kihanafi walishikilia kwamba barua hiyo isikubaliwe mpaka mashahidi wawili wathibitishe kuwa ndiyo ile ile. Upande wa Wakristo, katika sura ya tano ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo anatoa hukumu akiwa mbali na kudai kwamba kutokuwepo kwake kimwili hakuipunguzii nguvu. Ila anataka hukumu hiyo itekelezwe waumini wakiwa wamekusanyika. Kwa hiyo umbali wenyewe si kasoro. Kinachotakiwa ni shahidi aseme kwa hiari yake, na neno lake lisafiri chini ya macho ya watu wanaoaminika.

Hapa mtu aweza kuuliza: kama kura ni ushahidi, mbona hatuipigi hadharani, kama shahidi anavyosimama kortini? John Stuart Mill alisema hivyo hivyo mwaka 1861, kwamba kura ni dhamana na mwenye dhamana aonekane anavyoitumia. Kenya ililijaribu jambo hilo mwaka 1988. Katika mchujo wa chama cha KANU watu walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao au wakala wake, mchana kweupe, chifu akitazama. Viongozi wa makanisa walilipinga, na walikuwa sahihi: shahidi anayemwogopa anayemsikiliza hashuhudii kitu, anaitikia tu. Katiba ya 2010 ikaweka kura ya siri katika kifungu cha 81. Kwa Mkenya, siri ndiyo hirizi ya hiari, na kituo cha kupigia kura ndicho mahali pekee ambapo serikali inalazimika kuilinda. Kituoni humo humo ndimo kura zinamohesabiwa, Fomu 34A ya matokeo ya urais ikabandikwa mlangoni wote waione.

Kura ya posta inavunja ulinzi huo mara mbili. Kwanza, karatasi inajazwa mahali pasipo na pazia, mbele ya baba, mchumba, mfadhili wa karo au mchungaji. Pili, inapitishwa njia isiyo na shahidi, na posta yetu kwa kawaida haifiki mlangoni pa mtu. Barua zetu huenda kwenye sanduku, na mara nyingi sanduku hilo ni la shule, la kanisa au la ofisi ya chuo, likitumiwa na watu wengi. Karatasi ya kura itapita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia mwenyewe? Ni kweli jimbo la Oregon limeendesha uchaguzi wake kwa barua kwa zaidi ya miaka 20. Lakini Ufaransa iliifuta kura ya posta mwaka 1975 kwa sababu ya udanganyifu, na kule Birmingham, Uingereza, mahakama ilibatilisha matokeo ya udiwani ya 2004 baada ya kura za posta kuchezewa. Kama nchi zenye anwani kila mlango zimeteleza hivyo, sisi tusijidanganye.

Je, mwanafunzi wa Lukenya aachwe? Hapana. Kama karatasi haifai kusafiri peke yake, basi kituo kimfuate mtu. Tayari tumefanya hivyo kwa wengine. Wafungwa walishiriki kura ya maoni ya 2010, na mwaka 2017 wakamchagua rais wakiwa gerezani. Wakenya walioko Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi walimchagua rais mwaka 2013 bila kurudi nyumbani. Serikali imekiri, kwa vitendo, kwamba kumchagua rais hakuhitaji kukanyaga udongo wa kwenu. Siwezi kuona ni kwa haki gani mfungwa apewe kituo pale alipo, na mwanafunzi aambiwe atafute nauli.

Wengine watasema nauli hiyo ndiyo kipimo cha uzalendo, kwamba kisichogharimu hakithaminiwi. Hoja hii ina harufu ya dini, lakini dini yenyewe inaikana. Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na asiye nao hana lawama wala hapotezi kitu mbele ya Mola wake. Mpiga kura aliyekosa nauli hupoteza: atatawaliwa miaka mitano na mtu ambaye hakuulizwa habari zake. Tena mzigo wenyewe haulingani, maana wa Machakos mjini anapanda matatu asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wenyeji wa Mavoko, eneo bunge lenye Lukenya: wapita njia wasiwachagulie mbunge na mwakilishi wa wadi. Nakubaliana nao kwa sehemu. Anayekaa Lukenya miaka minne, akinywa maji ya huko na kutumia barabara za huko, ana haki ya kuhamishia usajili wake huko na kupiga kura zote sita. Asiyetaka kuhama apewe ya rais peke yake, kama mfungwa na aliye ughaibuni.

Tume ya uchaguzi, IEBC, inao muda wa kupanga hayo kabla ya tarehe 10 Agosti 2027. Hadi itakapoyapanga, mwanafunzi ajue sheria ilivyo leo: ombi la kuhamisha kituo lazima lifike kwa tume si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, na wakati huo chuo huwa bado kimefunguliwa.