Samaki Aliyeoza Ni wa Nani?

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, mama hakuniuliza sababu. Tayari alikuwa na jibu. Alikuwa Homa Bay, anageuza omena alizoanika juu ya neti, akasema bila kuinua macho: "Ni marafiki, nyathina. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Sikumpinga. Jibu lile lilinifaa sana. Kanisani nililelewa na onyo la Paulo kuhusu marafiki wabaya, Wakorintho wa Kwanza 15:33, na vijana wote tulilijua kwa kichwa. Lakini angalia tunavyolisoma: mimi ndiye mwenye tabia nzuri, wao ndio wanaoniharibu. Nimesikia shuhuda nyingi maishani, na sijawahi kusikia mtu akisimama kusema yeye ndiye alikuwa yule rafiki mbaya. Kila mama anajua samaki aliyeoza alitoka kwa karai ya jirani.

Sasa ukweli. Pesa za HELB zilipoingia, nilibeti zote. Halafu nikamfundisha msee niliyekaa naye rumu moja. Huyu alikuwa anakaribisha watu mlangoni kwenye ibada za wanafunzi Wakristo, kijana wa kutoka Migori, hajawahi kuonja hata bia. Mkeka wake wa kwanza niliuandika mimi, kwa simu yake, kwa kidole changu. Akashinda elfu mbili na kitu, tukala chipsi na kuku. Heri ungechanika siku ile.

Sikumshawishi, na hapo ndipo naona wahubiri wengi wanakosea, kudhani rafiki mbaya huja na hoja. Sikuwa na hoja yoyote. Nilikuwa tu naongea mechi asubuhi, mechi jioni, mpaka kubeti kukawa kama kupiga mswaki. Imani yake hata sikuigusa. Aliendelea kupiga magoti kabla ya kulala, ila sasa aliombea na mkeka.

Baada ya kuacha chuo nikaenda Nyatike, upande wa Migori, kwa migodi ya dhahabu. Homa Bay na Migori zamani zilikuwa wilaya moja, South Nyanza, kwa hivyo sikujiona nimetoka nyumbani. Kazi yangu ni kubeba magunia ya mawe kutoka shimoni hadi kwa mashine ya kusaga. Kundi lililokuwa limepungukiwa na mtu wa kubeba lilikuwa la mzee mmoja Msabato. Wasabato wako kwetu tangu 1906, walipofungua misheni Gendia karibu na Kendu Bay, na mzee huyu Ijumaa jua likizama anafunga kamba zake, mawe yawe na dhahabu yasiwe nayo. Hakunihubiria hata mara moja. Jumamosi hakuna kazi, basi, unakaa chini ya mti, unakula ugali wake na kusikiliza stori zake ndefu kuhusu ng'ombe. Siku moja nikagundua mechi za Jumamosi zimepita na sijaangalia odi hata moja. Simu ilikuwa na chaji, bando ilikuwepo.

Shimo la jirani wanamaliza dhahabu ya wiki nzima kwa usiku mmoja wa chang'aa. Lingekuwa hilo ndilo linahitaji mbebaji, leo singekuwa naandika haya. Sasa wema wangu huu ni wangu kweli, ama nimeuazima tu kwa mzee? Nadhani mwingi ni wa kuazima. Na ubaya je, nao niseme niliuazima hosteli? Hapo nakataa. Najua hesabu haibalansi, kwamba nampa mzee sifa halafu lawama najibebea mwenyewe. Lakini kidole kilikuwa changu.

Kitu kingine cha kuchekesha. Wasomi wengi wanasema maneno yale Paulo aliyatoa kwa Menander, Mgiriki aliyeandika michezo ya vichekesho zaidi ya miaka 300 kabla yake, kwenye mchezo uliopewa jina la kahaba, Thais. Yaani onyo lenyewe dhidi ya watu wabaya limetoka kwa watu ambao mchungaji wetu angetukataza kukaa nao. Mimi huona hiyo inampendeza Mungu.

Ukisema haya, mtu atakujibu kwamba Yesu alikula na watoza ushuru. Kweli, lakini mimi si Yesu. Kwa hiyo meza mimi ni mtoza ushuru. Kwa hivyo ninayemtazama ni Lawi, kwenye Luka 5. Akishaitwa, anafanya karamu, na waliojaa mle ndani ni watoza ushuru wenzake.

Yule rafiki yangu bado anabeti. Mamake amemwambia akae mbali na mimi, na kwa haki kabisa. Mimi pia naogopa kukaa karibu naye, kwa sababu niko sawa kwa miezi saba tu na sauti yake ninaijua. Juzi alinitumia ujumbe: yuko nyumbani, amefilisika, anaweza kuja?

Nilimwuliza mzee. Akauliza kama huyo kijana anakula omena.

Nimemwambia aje Ijumaa, kabla jua halijazama.