Kibatari cha Bibi, Pampu ya Mjomba

Mwaka 2011 mjomba wangu alikuwa na pikapu, Hilux ya dizeli iliyokuja ikiwa imeshatumika Japani, akibeba samaki na abiria kati ya Msimbati na Mtwara mjini. Mama yake, bibi yangu, alikuwa na kibatari. Vitu hivi viwili viligombana na mimi mpaka leo sijui nisimame upande wa nani.

Wanaokumbuka miaka ile wanalikumbuka neno uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa sababu ni mafuta ya maskini, dizeli ilikuwa na kodi kubwa, na palipo na tofauti ya bei hapakosi mjanja. Wakachanganya. EWURA wakaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili wachakachuaji wakamatwe, lakini mchezo haukuisha. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukiitilia mafuta ya taa, ambayo ni makavu, vyuma vinasagana. Ya mjomba ilikufa njiani, maeneo ya Madimba, ikiwa na ndoo za samaki nyuma na jua la saa saba juu. Samaki wakaoza. Fundi aliifungua pampu, akatuonyesha mikwaruzo, akasema neno moja tu: "Taa."

Bajeti ya 2011/12 ikaja na dawa: kodi ya mafuta ya taa ipandishwe ikaribiane na ya dizeli, ili kuchanganya kusiwe na faida. Na dawa ilifanya kazi, tusiseme uongo. Mjomba alifurahi. Bibi akauliza, "Kwani mimi ndiye niliyechakachua?"

Hilo ndilo swali langu lote. Sijaona aliyelijibu vizuri.

Jibu la kwanza, la kiofisi, ni kwamba hakuna aliyemwadhibu bibi. Bei si adhabu. Sawa, lakini aliyeiba alikuwa mwenye tangi, na aliyeambiwa atoe pesa ni mwenye koroboi. Mwizi alipoteza faida ya kesho. Bibi alipoteza mwanga wa usiku ule ule. Jibu la pili ni gumu zaidi, na linaniudhi kwa sababu lina ukweli: moshi wa kibatari wenyewe ni sumu, asubuhi ukipenga kamasi ni nyeusi, kwa hiyo kumwondoa bibi kwenye mafuta ya taa ni kumsaidia. Ni kweli. Ila anayekunyang'anya kitu kibaya bila kukupa kizuri asidai shukrani. Nyumba ya bibi haikuwa na umeme. Na hapo, jamani, tunazungumzia Msimbati, kando ya Mnazi Bay, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982. Watu wa Mtwara walipoingia barabarani mwaka 2013 kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, wengi walishangaa hasira ile imetoka wapi. Mimi nilimkumbuka bibi na kibatari chake kilichozimwa mapema.

Moshi nao una safari zake. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani walipiga marufuku magari ya mizigo na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi. Gavana wao wakati ule, Ishihara Shintaro, alikuwa ametikisa chupa ya plastiki yenye masizi mbele ya waandishi wa habari. Hewa yao ikawa safi, na walistahili. Lakini gari lililokataliwa mahali halifi. Linapanda meli. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyosafirishwa kati ya 2015 na 2018, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka minane. Sisi huyaacha yaingie, tukitoza ushuru wa ziada kwa makuukuu. Kwa mtu wa Msimbati, tofauti kati ya gari chakavu na kukosa gari ni mjamzito kufika hospitali au kutofika, kwa hiyo siwezi kushangilia marufuku. Wala siwezi kusema moshi ule ni halali kwa sababu sisi ni maskini.

Kanuni moja tu katika hizi naipenda bila kinyongo: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Mzigo ule ulibebwa na wengi, kila mmoja kidogo, kuanzia wenye meli za mafuta hadi sisi wanunuzi. Hakuna bibi aliyechaguliwa aubebe peke yake.

Mjomba hakuwa na nafasi ya kufikiria haya. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito, na mama yake hakai gizani yeye yupo. Alianza kumpelekea lita moja kila Ijumaa. Wiki chache baadaye nauli ya Msimbati ilipanda kwa shilingi mia mbili. Hakueleza sababu, na wale akina mama wenye ndoo za samaki hawakuuliza. Walitoa, wakapanda nyuma, wakajifunika kanga puani kwa ajili ya moshi.