Tauria na Haki za Watu

Ndugu zetu Waislamu, tauria ni neno la Kiarabu, na asili yake ni moja na neno waraa, yaani nyuma. Ni mtu kutamka neno lenye maana mbili: msikizaji akaishika maana iliyo karibu, na msemaji akawa amekusudia ile iliyojificha nyuma yake.

Jambo hili lina asili katika dini yetu. Katika safari ya Hijra, mwaka wa 622, Sayyidna Abubakar alikutana na watu waliomjua, wakamwuliza ni nani huyo aliye mbele yake. Akajibu kuwa ni mtu amwonyeshaye njia. Muulizaji alidhani ni njia ya safari, naye alikusudia njia ya kheri. Hakusema uongo, na Mtume (s.a.w.) akahifadhika na maadui waliokuwa wakimwinda.

Lakini tutazame sisi tuitumiavyo katika miji yetu. Mtu afuatwa dukani na mwenye kumdai, naye aapa: "Wallahi, sina kitu mkononi." Kweli mkono wake ni mtupu, lakini fedha zimo kashani, chini ya meza! Mwenye haki arudi kwake hana la kuwapikia watoto, na huyu ajisifu kuwa hakusema uongo.

Sisi twasema huyo ameidanganya nafsi yake. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kiapo huhesabiwa kwa maana anayoisadiki yule aapiwaye. Naye Imamu Nawawi ameeleza kuwa tauria ya kuchukua batili au kuzuia haki ni haramu.

Basi tofauti imo katika haki. Abubakar alificha maana ili mtu asidhulumiwe. Huyu aificha ili apate kudhulumu. Na hukumu ya deni ndiyo ya posa, ya biashara, na ya ushahidi mbele ya kadhi. Kila mmoja wetu na ajiulize kabla ya kutamka: je, neno langu litampotezea mwenzangu haki yake?

Asiye na fedha na aseme wazi, aombe muhula. Kwani Qur'ani, katika Suratul Baqara, aya ya 280, yaamrisha aliye katika dhiki apewe nafasi. Mwenye nazo, na alipe.

Mwenyezi Mungu azinyoshe ndimi zetu na nyoyo zetu. Amin.