Je, Kuwa na Wasiwasi ni Kukosa Imani?



Kijana mwenzangu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo mwenzenu lilinitesa sana, na nililificha kwa sababu niliona aibu. Nilikuwa na wasiwasi.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni. Muhula uliotangulia nilikuwa nimepata sapu mbili, na kila nikifikiria mitihani iliyobaki nilijiona nimeshadisko, narudi nyumbani na begi langu. Usiku nilikuwa nashtuka saa tisa, moyo unaenda mbio, viganja vimelowa jasho. Nikiamka nasali, lakini hata sala yenyewe haikai. Naanza Baba Yetu, kabla sijafika katikati nimeshahamia kwenye hesabu za matokeo. Na mbaya zaidi, nilikuwa kiongozi wa vijana parokiani. Jumapili nasimama mbele ya wenzangu kuwahimiza wamtumaini Mungu, usiku mimi mwenyewe silali.

Siku moja nikamdokeza rafiki yangu. Akanijibu kwa Wafilipi 4:6, pale Mtume Paulo anapotukataza kujisumbua kwa jambo lolote. Kiukweli alikuwa na nia njema. Lakini mimi niliondoka pale na mizigo miwili: wasiwasi wa mtihani, na wasiwasi kwamba namkosea Mungu kwa kuwa na wasiwasi.

Nikaenda kuungama. Nikasema, "Padre, nimekosa imani. Naogopa sana."

Akaniuliza, "Unaogopa nini hasa?"

Nilidhani nitasema kufeli. Kumbe kilichotoka mdomoni ni kingine: "Mama ameuza mbuzi wake wote kwa ajili ya ada yangu. Naogopa kumrudia mikono mitupu."

Padre akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, hapo mimi simsikii mtu asiye na imani. Namsikia mtoto anayempenda mama yake. Je, umeshamwambia Mungu habari za huyo mama, au unamwambia habari za mtihani tu?"

Nilikosa jibu. Miezi yote ile nilikuwa nimemwomba Mungu aniondolee wasiwasi, lakini sikuwahi kumwonyesha kilichokuwa ndani yake.

Baadaye nilirudi kwenye ile barua kwa Wafilipi nikaisoma taratibu. Katika sura ya 4 Paulo anakataza kujisumbua, ni kweli. Lakini katika sura ya 2, mstari wa 20, anamsifu Timotheo kwa sababu anawahangaikia Wafilipi kwa moyo wa kweli. Katika Kigiriki alichoandika Paulo, kitenzi kilichotumika mahali pote pawili ni kilekile! Na Paulo huyohuyo, katika 2 Wakorintho 11:28, anakiri kwamba kila siku analemewa na mahangaiko kwa ajili ya makanisa yote. Kumbe tatizo halikuwa kuhangaika kwa ajili ya watu tunaowapenda. Na ule mstari wa 4:6 haukuishia kwenye katazo. Unaendelea kutuambia tumpelekee Mungu haja zetu kwa sala, tukishukuru. Yaani nilikuwa nimebeba nusu ya mstari. Wasiwasi ukiufungia ndani unakutafuna. Ukiupeleka kwa Mungu unakuwa sala, na ukiupeleka kwa jirani unakuwa huduma.

Tena tumtazame Bwana wetu mwenyewe pale Getsemani. Hakujifanya jasiri. Aliwaambia Petro, Yakobo na Yohane wazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Mwinjili Luka anasema jasho lake lilidondoka kama matone ya damu. Na sala yake haikuwa ndefu wala ya maneno mazuri: Mathayo 26:44 inasema alisali mara ya tatu akirudia maneno yaleyale. Sasa kama Mwana wa Mungu alitetemeka na kurudia sala moja, wewe unaona aibu ya nini?

Wapo pia watakatifu waliopita njia hii. Mtakatifu Fransisko wa Sales, akiwa kijana wa miaka 19 hivi, mwanafunzi kule Paris, alishikwa na hofu kali kwamba Mungu amekwisha kumkataa milele. Kwa wiki kadhaa hakula vizuri wala hakulala. Mwishowe aliingia kanisani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akaamua kwamba hata iweje, angalau katika maisha haya atampenda Mungu. Akasali ile sala ya "Kumbuka". Hofu ikamwachia. Baadaye, akiwa askofu, aliandika kitabu kuhusu maisha ya ibada kilichotoka mwaka 1609, na humo anatuonya kwamba mtu mwenye mahangaiko ni kama ndege aliyenaswa wavuni: kadiri anavyopapatika ndivyo anavyozidi kunaswa. Aliyajua hayo kwa kuyapitia.

Basi kijana, usiku ukishtuka, jaribu hivi. Kwanza, jiulize: ni nani au ni nini ninachokipenda hadi naogopa kukipoteza? Mtaje mbele za Mungu kwa jina. Pili, chagua sala fupi uirudie, kama Bwana pale bustanini. Tatu, kukicha fanya tendo moja dogo la upendo kwa huyo uliyemtaja.

Na kama wasiwasi umekuzidi, hulali kwa majuma, huli, au umeanza kuona heri usiwepo, usikae nao peke yako. Mwambie mtu leo, na nenda kwa daktari au mshauri. Yoshua bin Sira 38 inatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa naye ametoka kwa Mungu. Kwenda hospitali si kumkana Kristo.

Mimi nilimpigia mama simu. Nikamwambia ukweli wote. Akacheka, akasema, "Mbuzi watazaliwa wengine, wewe soma." Nikalia. Mitihani nikafanya, nikapata sapu moja, nikairudia, nikamaliza. Wasiwasi haujaniisha hadi leo. Lakini kila Misa, padre anapoomba mara baada ya Baba Yetu kwamba Mungu atulinde na kila kinachotuvuruga, ninajua Kanisa zima linaniombea mimi na wewe.

Tusali: Ee Yesu uliyetetemeka Getsemani, pokea wasiwasi wangu pamoja na wale ninaowapenda waliomo ndani yake. Ufanye uwe sala, na unitume kwao. Amina.